Jaji wa Thamesmead na Wapishi Wake

Fortunat Bahizire alifika London mwaka 1993 akiwa na joho jeusi la jaji ndani ya mfuko wa plastiki, na kwa miaka miwili hakuna aliyemwomba alivae. Kule Uvira alikuwa jaji wa mahakama ndogo kwa muda usiofika mwaka. Sehemu kubwa ya muda huo mahakama ilifungwa, kwa sababu serikali haikuwalipa majaji, nao majaji wakaona haki inaweza kusubiri. Hapa alipata kazi ya ulinzi kwenye mlango wa duka kubwa. Alisimama akiwatazama watu wakiingia, akawatazama wakitoka, na machoni pake kila mmoja alikuwa na hatia. Kazi ilimfaa.

Sisi Wakongo wa Thamesmead, mtaa wa pembeni mwa London, tulikuwa na ugomvi mwingi na mahali pachache pa kuupeleka. Mtu ambaye faili lake la ukimbizi bado liko Home Office, wizara inayoamua nani abaki, hapigi simu polisi kwa sababu shemeji yake amemtukana. Kwa hiyo mwaka 1995, katika ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukikodi Jumamosi, chama chetu kiliamua kuwa na jaji wake. Angechaguliwa kila baada ya miaka miwili, watu wakipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Fortunat aligombea peke yake, amevaa joho. Alishinda, na jioni hiyo hiyo akaanza kugeuka taratibu kila alipoitwa, kama mtu mwenye shingo ya gharama.

Adhabu ilikuwa moja tu. Kwetu mwenye kosa huleta mbuzi, wazee wakamla, mambo yakaisha. Thamesmead mbuzi ana matatizo yake, hasa kwenye lifti. Ikakubaliwa kwamba atakayepatikana na hatia atawapikia watu wote Jumamosi inayofuata.

Tulichelewa kuona kilichofuata, labda kwa sababu tulikuwa tunatafuna. Mwaka 1996 Philippe, kijana wa Goma asiye na breki, alimtukana mama mkwe wake kwenye mashine ya kurekodi simu, na kanda ikachezwa ukumbini, wote tukasikia. Lakini Philippe alikuwa amewahi kupika wali kwenye ubatizo, na wali ule mbichi tuliukumbuka. Papa Juge, yaani Baba Jaji, kama tulivyomwita Fortunat, alikunja mikono ya joho akatangaza kwamba sauti ya mashine si sauti ya mtu. Philippe akaachiwa.

Mwezi uliofuata alisimama Célestine, mama wa Bukavu anayetunza wazee katika nyumba ya wazee kule Plumstead. Aliyeleta mashtaka ni yeye. Gires, naibu wa jaji, alikuwa ameazima kwake sufuria kubwa za kupikia msibani akarudisha moja imeungua chini hadi kutoboka. Papa Juge alisikiliza, akafikiri, akampata Célestine na hatia ya kudai vyombo vya msiba kwa sauti ya juu.

"Miye ndiye nimeibiwa sufuria, Papa Juge," Célestine alisema.

"Sheria haitazami nani kaibiwa, mama. Inatazama amani."

Jumamosi iliyofuata amani ilikuwa sombe, majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese, dagaa wetu sambaza waliokaangwa wakakauka vizuri, na bugali laini. Mwaka 1997 Fortunat alichaguliwa tena kwa kishindo.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Katika miaka yote ya utawala wake hakuna mpishi mbaya aliyewahi kupatikana na kosa. Waume waliozozana na wake zao waliachiwa, wake wakahukumiwa. Laurette, mwenye mkono mzuri wa maharage, alihukumiwa kwa kuchelewa kwenye kesi ya mtu mwingine. Célestine alihukumiwa mara nyingi kiasi kwamba mgeni mmoja kutoka Ubelgiji, asiyejua habari zetu, alinong'ona kwamba mwanamke yule ana sura ya upole kwa mhalifu sugu.

Mwaka 2003, wiki mbili kabla ya uchaguzi, Célestine alikuwa anatoka na mfuko wake kwenye duka alilolinda Fortunat. Fortunat, mwenye sare na redio begani, alimsimamisha mbele ya foleni nzima, akamwaga vitu vyake juu ya meza, akahesabu makopo ya nyanya. Risiti ilikuwepo. Nyanya zote zilikuwa zimelipiwa.

"Papa Juge, unanijua."

"Hapa mlangoni mimi si Papa Juge. Hapa mimi ni security."

Célestine alileta kesi. Kwa kuwa jaji hawezi kujihukumu, Gires alikaa kitini. Mashahidi walikuwa wengi, na Fortunat mwenyewe hakukana lolote. Gires alitutazama sisi, akamtazama mshtakiwa, mwanamume aliyewahi kupiga simu kuuliza maji ya chai yanachemka kwa muda gani. Kila mtu aliwaza Jumamosi.

"Ushahidi hautoshi," Gires alisema.

Tulipiga makofi. Sitaki kudanganya kwamba kuna aliyeona haya.

Célestine hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Sawa. Basi uchaguzi huu nagombea."

Fortunat alicheka, lakini akapeleka joho lake kwa dobi. Bila kiti kile angebaki mtu wa kusimama mlangoni, na alilijua hilo kuliko sisi.

Siku yenyewe Célestine hakutoa hotuba. Alisimama upande wa dirisha, na nyuma yake wakasogea wote waliowahi kuhukumiwa, yaani kila mtu anayejua kupika. Laurette alibeba hata mwiko, sijui kwa nini. Nyuma ya Fortunat walijipanga wanaume, wengi kuliko wanawake, wakitabasamu.

"Jipangeni mnavyotaka," Laurette aliwaambia kutoka ng'ambo. "Jioni mtakula kwa Papa Juge."

Tabasamu zilipungua. Mwanamume wa kwanza alijifanya anakwenda chooni, akarudi upande wa dirisha. Wa pili hakujifanya chochote. Gires alisema anataka kuangalia mstari ule kama umenyooka, akanyooka nao huko huko. Mwishowe Fortunat alibaki na Philippe, naye Philippe alikuwa anaongea na simu.

Célestine hakuvaa joho. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ile ya nyanya, ikafunguliwa upya, ikachukua muda wa kumenya kitunguu. Hatia.

Jumamosi Fortunat aliingia na sufuria mbili akiwa na aproni ya dukani. Sombe ilikuwa ya kijivu. Bugali ilikuwa na uji ndani na jiwe juu. Célestine aliamuru tupakuliwe wote, sahani zijae, na hakuna kuinuka mpaka ziishe, kwa kuwa wote tulipiga makofi. Tulikula. Wengine walifumba macho.

Yeye mwenyewe alionja kijiko kimoja.

"Papa Fortunat," alisema, na ukumbi mzima ulisikia jina lile likiwa halina cheo, "chumvi."

Fortunat alijinyoosha kama enzi zake. "Naomba haki ya rufaa."

"Iko," Célestine alisema. "Jumamosi ijayo unapika tena."