Jua la Nyanya

Mwezi wa nane nilipokwenda Ruiru kumwona nyanya, jambo la kwanza nililofanya ni kutia mkono guniani na kung'ata punje ya mahindi. Ikabonyea. Wewe uliyelelewa na mkulima unajua maana yake: punje iliyokauka hulia kwenye jino, na isiyokauka hubonyea tu, kisha ikaota ukungu. Nilinusa gunia. Ukungu ulikuwa umeshaanza. Nikatoka uani kutafuta mahali penye jua nikaanike upya, nikakutana na kivuli kila upande.

Siyapendi maghorofa yale, rafiki yangu, na sitajifanya nayapenda eti kwa sababu ni maendeleo. Yamejipanga kando ya mto kuanzia darajani, yanasukumana ili yaone maji. Yamepewa majina ya Kizungu ya kuusifu mto, na mabomba yao yanautapikia mto huo huo mchana kutwa. Moja limesimama mashariki mwa boma la nyanya, jingine magharibi, na nyumba yake ya mabati imebanwa katikati. Jua humfikia adhuhuri, likamsalimia kama mgeni aliyekataa chai, likaenda zake.

Zamani likizo ya mwezi wa nane ilikuwa yetu sisi wajukuu, na kazi yetu ilikuwa mahindi. Baridi ya mwezi wa saba ikishalegea, nyanya alitandaza turubai uani na kuyamwaga. Tulivua viatu tukayapitia kwa nyayo, tukiburuta vidole mpaka mistari ikatokea kama matuta ya shamba. Punje za juu zilikuwa moto, za chini baridi, na miguu ilipata raha ambayo sijaipata tena kwenye zulia lolote. Kutoka mtoni tulisikia wanawake wakipiga nguo kwenye mawe na kucheka watu ambao hawakuwepo. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha katika shamba la ng'ambo. Nyanya alitoka jikoni na nduma kwenye sufuria, alizozing'oa mwenyewe kando ya maji, bado zinatoa mvuke, tukazila kwa chai. Kuku nao walizunguka turubai wakijifanya wanapita tu. Wakidonoa, aliyegombezwa hakuwa kuku.

"Jua ni la bure, kwa hivyo msilichezee," nyanya alikuwa akituambia. Tuliona ni maneno ya wazee tu. Leo naelewa kwamba kitu cha bure ndicho huibwa kwanza, maana hakina hati. Shamba lake lina hati, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Jua halikuwa na hati, basi wakalichukua lote, na hakuna ofisi utakayokwenda kulishtakia.

Jirani wa mashariki ndiye aliyeuza kwanza. Tulifundishwa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na tingatinga, na tangu hapo mwenyeji anakohoa kila asubuhi. Jirani wa magharibi akafuata. Mjomba, anayeishi Thika, alianza kuja kila Jumapili baada ya kanisa kumwimbia nyanya wimbo ule ule: hapa pamekwisha, tuuze, tukujengee kwingine. Nyanya alimpa jibu moja, na kila mtu katika ukoo wetu analijua. "Nitauza siku nitakaposhindwa kukausha chakula changu."

Sasa unaona kwa nini punje ile ilinipandisha hasira. Nilimwambia nyanya, "Cucu, jua lako halijapotea. Liko kule juu, wamekaa nalo. Twende tulifuate."

Nilijitwika mahindi, yeye akashika fimbo yake, tukaenda kwenye ghorofa la mashariki. Soja wa langoni alitutazama, akatazama gunia.

"Sasa madam, huyu cucu ni wa nyumba gani?"

"Ni wa hapo chini. Mmemzibia jua, na amekuja kuanika."

Alijikuna shingo. "Mimi sijawaona. Lakini msikae sana, keateka wa jengo akinipata na hiyo story yenu nitapigwa kalamu, kazi iishe."

Lifti ilitupeleka hadi paa, wanakoanika nguo. Nakwambia, jua lilikuwa huko, jingi, la kumwagika, linakausha soksi za watu. Nilitaka kumkasirikia yeyote nitakayemkuta, lakini niliyemkuta ni mama mmoja mpangaji mwenye vibanio mdomoni, na alipotuelewa alisogeza mashuka yake. "Mwaga tu hapa, cucu. Hizi zangu nitasongesha."

Nyanya alivua viatu. Aliyapitia mahindi kwa nyayo, polepole, akiburuta vidole, na mimi nikavua vyangu nikamfuata nyuma. Kwa muda ule nilifurahi sana. Niliona tumewashinda. Mahindi yangekauka, na neno lake kwa mjomba lingebaki pale pale.

Kisha akaenda kwenye ukuta wa pembeni kupumzika, akaegemea, akatazama chini. Alitazama mto, akatazama mapaa. Akanyoosha fimbo.

"Na hapo penye giza hivyo, kunakaa nani?"

Nilisogea nikaona alikoonyesha. Mabati yenye kutu, uani peusi, kuku wadogo kama wadudu. Ningeweza kumdanganya, lakini nyanya hadanganyiki.

"Ni kwako, cucu."

Alishusha fimbo, akarudi kuyageuza mahindi kwa makini kama kawaida, na hayo mahindi yalikauka vizuri, tulikula githeri yake hadi mwisho wa mwaka. Jioni hiyo, tukisubiri lifti, ndipo alipozungumza, kwa sauti yake ya kila siku. "Mpigie mjomba wako. Mwambie aje na hao watu wake wa kununua."

Mjomba alikuja kesho yake kabla ya chai. Mahali pale leo pana shimo la msingi na mashine ya kuchanganya zege. Kuhusu jua, labda siku moja ningewasamehe. Lakini miaka yote nyanya alikuwa akiyatazama maghorofa yale kutoka kwake, akiyadharau. Wakamfanya apatazame kwake kutoka kwao, na hilo siwasamehe.