Wagonjwa Arobaini na Mmoja wa Lukozi

Zakia Shemweta alikuwa ametumikia masijala kwa miaka ishirini na sita alipohamishiwa chumba cha nyaraka za kale hapa Lushoto. Wenzake walimpa pole, wakidhani ametupwa. Yeye alifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Alitafuta brashi laini, akaanza kufuta kuvu kwenye jalada moja baada ya jingine, na karatasi zilizolowa unyevu akazianika kivulini, maana jua lingezikausha mpaka zivunjike.

Mwezi wa sita alifungua jalada la mwaka 1953 lililotoka Lukozi. Ndani mlikuwa na taarifa iliyoandikwa kwa mkono: siku ile kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya serikali ya kikoloni haikufanyika, kwa sababu wanawake arobaini wameshikwa na tumbo. Majina yao yalifuata, na la mwisho, la arobaini na moja, lilikuwa la mwandishi mwenyewe: Omari Shekalaghe, mnyapara, "naye pia anaumwa."

Zakia alicheka peke yake. Jumamosi akaenda Lukozi kuuliza kama kuna yeyote katika wale aliye hai. Wakamwelekeza kwa Bibi Fatuma, mwenye miaka themanini na saba, ambaye Zakia alimkuta barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Zakia alijieleza kwa Kishambaa, akaomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, kisha akaanza kusoma majina. Kwenye la kumi na tatu bibi akausukuma ungo pembeni.

"Huyo mimi! Nilikuwa msichana tu."

"Mliumwa kweli?"

"Tumbo gani! Tulichoka kuchimba matuta yao huku mahindi yetu yanamezwa na magugu. Tukapatana kila mtu alale ndani, ajifunike, agumie. Wakamtuma mnyapara aje kututazama. Kwetu alinikuta nimejifunika gubigubi, natafuna muwa."

"Akasemaje?"

"Akasema pole, akaandika, akaenda zake. Mwaka uliofuata akaleta posa." Bibi akatabasamu. "Ndiye marehemu mume wangu. Mbona umeacha kusoma? Malizia."

Zakia akamsomea mstari wa mwisho. Bibi Fatuma akamsogelea.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Mimi sikusoma shule," bibi akasema taratibu. "Yeye aliniambia aliachishwa unyapara kwa kuchelewa kazini. Miaka arobaini na minane ya ndoa! Kumbe alijiandika na sisi."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa upindo wa kanga. Halafu akaita ndani kwa sauti: "Zuberi! Rahma! Njooni nyote msikie babu yenu alivyougua!"

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Zakia aliwasomea watu wa Lukozi orodha nzima uwanjani. Kila jina liliamsha mtu. "Bibi yangu huyo!" "Huyo ndiye aliyemlea mama!" Mpaka jioni, majina thelathini na mawili yalikuwa yamepata wenyewe. Watu wakaenda majumbani, wakarudi na vyao: barua ya posa, hukumu ya baraza kuhusu mfereji, picha ya harusi iliyoliwa kona na mende. Zakia alivipiga picha vyote na kumrudishia kila mtu chake. Sauti ya bibi, pamoja na kicheko chake chote, akaihifadhi na kuandika namba ya rekodi hiyo ndani ya lile jalada, ili atakayesoma kuhusu tumbo asikie na upande wa wagonjwa.

Mwezi wa nane Bibi Fatuma alikuja mwenyewe Lushoto, amevaa baibui jipya. Aliketi, akajisikiliza mwanzo hadi mwisho, akitikisa kichwa kukubali.

"Nimesema vizuri," akasema. "Sasa washa simu yako, nikueleze ile barabara ya Shume ilivyochimbwa."

Zakia akaenda kwanza kuagiza chai.