Kile Wekesa Hakuita Chakula

Kama umepita Lubao ukaona geti lenye simba wawili wanaofanana na mbuzi wenye hasira, hiyo ni kazi ya Osiako. Usimwambie ni mbuzi. Osiako aliacha shule darasa la sita, na yeye husemanga shule ndiyo ilimwacha, iliona haina kitu ingine ya kumfundisha. Anachomelea mageti, madirisha na mikokoteni. Mdomo wake tu ndio hakuna fundi ameweza kuuchomelea ukafunga.

Huyo ndiye mtu Wekesa alipeleka kliniki Kakamega mjini, akasema, "Sista, huyu ndiye mtu wangu."

Pale kliniki, kila mgonjwa wa uzito anayengojea daktari wa upasuaji wa kupunguza tumbo kule Eldoret anaambiwa alete mtu mmoja. Wa kutembea naye, wa kumkumbusha dawa ya presha, wa kuketi naye siku ile roho imeanguka. Wengi wanaleta bibi zao. Wekesa akaleta fundi.

Sista Abigail akamwangalia Osiako kutoka viatu mpaka kofia. "Kwa nini huyu?"

"Bibi yangu atanihurumia," Wekesa akasema. "Huyu hana huruma."

Wekesa alikuwa na miaka arobaini na moja, na mizani ilisema kilo mia moja tisini na nne. Zamani aliendesha lori ya miwa huko Matungu, mpaka magoti yakakataa kupanda ile ngazi ya lori. Usiku alikuwa analala ameketi kwa kiti, kwa sababu akilala chini pumzi inakwama. Watoto walikuwa wanaamka kusikiza kama baba bado anakoroma. Akinyamaza, wanamtingisha.

Sista akawaeleza polepole, kama mtu anapima dawa. Daktari wa Eldoret angemwona baada ya miezi sita. Kabla ya hapo apunguze kama kilo kumi, ndio dawa ya usingizi isije ikamletea shida kwa meza ya upasuaji. Akipunguza, tarehe inabaki. Akiongezeka, wanaisukuma mpaka mwaka ujao.

"Mwaka ujao ni mbali," Wekesa akasema chini chini.

"Sista, niachie mimi," Osiako akasema. "Miezi miwili tu, huyu atapita chini ya geti langu likiwa limefungwa."

Kesho yake akaanza kazi. Wekesa alikuwa anatembea hatua themanini hivi, halafu lazima aketi, na kwa barabara hakuna mahali pa kuketi. Viti vya plastiki havikuwa vinamtaka. Osiako akachukua vyuma vya daraja ambavyo mwenyewe hakurudi kuchukua, akatengeneza benchi moja ambayo hata ng'ombe dume angelalia. Akaiweka hatua themanini kutoka kwa mlango wa Wekesa. Wiki iliyofuata akaisongesha mbele hatua ishirini. Wiki ingine ishirini tena. Asubuhi unamwona fundi amebeba benchi kwa kichwa, jasho inatoka, na Wekesa nyuma yake na fimbo.

"Songesha kidogo tu," Wekesa analia.

"Nimesongesha kidogo. Ni miguu yako imefupika."

Walipofika karibu na soko la mifugo, madalali wakapata kitu ya kuchekea. Dalali mmoja anaitwa Kipyegon, ambaye hujigamba kwamba anaweza kukadiria kilo za ng'ombe kwa macho, akafunga jicho moja akamwangalia Wekesa. "Huyu ningesema mia mbili na kumi, bila ngozi."

Wekesa akasimama. Kabla ya hiyo benchi, miezi minane hakuwa ametoka nje ya boma kwa sababu ya maneno kama hayo. Akageuza fimbo kurudi nyumbani.

"Kipyegon," Osiako akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "ile fahali uliuzia Mathew juzi ukisema ni mia tatu, ilipimwa ikawa mia moja themanini na matope. Wewe hayo macho peleka kliniki kwanza. Kuja kesho tutembee na wewe, hilo tumbo lako nalo linaomba tarehe."

Soko lote likacheka, na mara hii hawakumcheka Wekesa. Akatembea hatua kumi na tano zaidi kabla ya kuketi. Osiako siku hiyo alijisifu mpaka jioni.

Mwezi ukaisha. Wakaenda kliniki Osiako ametangulia kifua mbele, kama mtu anaenda kuchukua kombe. Wekesa akapanda kwa mizani. Mia moja tisini na sita.

"Hiyo mashine imeharibika," Osiako akasema.

Sista akapanda yeye mwenyewe, akashuka. Mashine ilikuwa sawa. "Wekesa, unakula nini?"

"Sista, haki ya Mungu, nakula mara moja. Jioni. Obusuma, huu ugali wetu, kidogo tu na mboga."

Alisema hivyo machozi yakiwa karibu, na Osiako akajua hasemi uongo. Basi kama si Wekesa, ni nani? Njiani kurudi akapata jibu, na lilikuwa jibu baya. Alipofika tu kwa boma akamkuta Edah, bibi ya Wekesa, anaanika mahindi.

"Shemeji, huo ugali wako wa jioni unasonganga na sufuria gani? Ile ya harusi?"

Edah akaweka ungo chini. "Unasemaje?"

"Nasema mtu anatembea mpaka soko la ng'ombe na bado anaongezeka. Kuna mtu anamjaza hapa nyumbani."

Edah hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. "Baba wa watoto wangu anakoroma nikihesabu pumzi usiku kucha," akasema, "na wewe unakuja kuniambia mimi ndiye namuua. Kesho funga hiyo kazi yako. Kuja ukae hapa kutoka asubuhi mpaka jioni, uone vile namjaza."

Osiako akaenda, kwa sababu ukiitwa hivyo na huendi, umekubali kosa.

Saa moja asubuhi wakakunywa chai ya maziwa, sukari vijiko sita, na viazi vitamu vya kushikilia roho. Saa nne jirani akapita na njugu. Wakatafuna wakipiga hadithi. Saa sita wakamenya ndizi, halafu avokado mbili zilizoanguka zenyewe, ni dhambi kuachia kuku. Mgeni wa kanisa akaja, na mgeni hawezi kukunywa chai peke yake. Saa nane miwa. Saa kumi uji wa wimbi, kikombe kile kikubwa, mara mbili. Edah alikuwa anaingia na kutoka, anafagia nyuma yao.

Jua likishuka, Wekesa akajinyoosha. "Unaona, ndugu? Tangu asubuhi sijaweka kitu kwa tumbo."

"Nimeona," Osiako akasema. "Hata mimi njaa inaniuma. Lakini umevumilia kama mwanaume."

Hapo ndipo Edah akatoka jikoni na karai. Akaitua mbele yao, pu! Ilikuwa imejaa maganda ya viazi, ya njugu, ya ndizi, kokwa za avokado, makapi ya miwa, na juu yake vikombe vyote ambavyo havijaoshwa.

"Hii ilikuliwa na nani?"

Wanaume wawili wakaangalia karai.

"Hiyo si chakula," Wekesa akasema.

"Hiyo ni ya kuonja tu," Osiako akaongeza.

Edah akasukuma karai karibu nao. Na Osiako, mtu wa vyuma, akaangalia yale maganda, akakumbuka vile yeye huuza mabaki ya chuma. Vipande vidogo vidogo, vya kidole hivi, unatupa kwa gunia huvioni. Siku ya kuuza, gunia halinyanyuki.

"Wekesa," akasema polepole, "hii karai ina kilo."

"Sikuwa nadanganya sista."

"Najua. Hata mimi ningeapa na Biblia kwa kichwa. Sisi tangu tuzaliwe, kama si obusuma, hujakula." Kisha akafanya kitu ambacho Lubao hawajawahi kuona. Akaondoa kofia. "Shemeji, nimekukosea. Nilikuambia maneno ya upuzi."

"Sema tena," Edah akasema, "hawa kuku hawakusikia."

Kliniki iliyofuata Edah alikuja nao, akamwambia sista kila kitu mpaka njugu. Sista Abigail akacheka, halafu akapanga upya: obusuma kiasi cha ngumi moja, mchana badala ya usiku, mboga nyingi na samaki, na kila kinachopita kwa mdomo kiitwe chakula. Chai bila sukari. Osiako akaapa hata yeye ataacha sukari. Siku ya kwanza alikunywa akifunga macho kama mtoto anapewa mwarobaini. Wageni wakaja wakanuna, wengine wakasema Edah amekuwa mchoyo. Edah akawapatia maji kwa heshima. Kuna wiki Wekesa alishindwa akala mandazi saba kwa hasira, na Osiako akamwambia, "Saba ni saba. Amka tutembee," na hakumcheka.

Mwezi wa sita ukafika. Wekesa akavua viatu, akavua sweta, akapanda. Mia moja themanini na nne na nusu.

"Sista, hiyo nusu ni nywele," Osiako akaanza. "Nyoa yeye hapa hapa, mimi nitalipa kinyozi."

"Fundi, nyamaza." Abigail alikuwa anaandika. "Nilisema kama kilo kumi, sikusema nauza nyama. Na pumzi yake iko sawa kuliko mwanzo. Wekesa, Eldoret wanakungojea. Tarehe kumi na nne, haijasukumwa."

Wekesa akatoa simu akampigia Edah.

"Mama Mitchel? Tarehe iko. Ndiyo. Ni kumi na nne, iko."

Upande ule kigelegele kikatoka mpaka watu wa kwa foleni wakageuka. Osiako akanyakua simu.

"Shemeji! Ni mimi! Sikukwambia huyu mtu nitamfikisha?"

"Osiako," Edah akasema, sauti imejaa machozi na kicheko, "mpe mwenye simu."