Kiatu cha Mfungaji Bora

Msinipongeze kwa kile kiatu cha dhahabu, ambacho hata dhahabu yenyewe ni rangi tu. Ligi ilinipa mimi, mfungaji bora wa mwaka, na nilikipokea nikiwa nimevaa koti nililoazima kwa mtu aliyestahili kukipata.

Alikuwa mshambuliaji mwenzangu pale Mbarara, mtoto wa wauza vitambaa, na penalti zote za timu zilikuwa zake. Alasiri moja ya Ramadhani tulipata penalti. Jua lilikuwa linachoma, naye hakuwa ameonja hata maji tangu alfajiri. Akanitia mpira mikononi.

"Piga wewe," alisema. "Mimi leo nguvu hakuna."

Nikapiga, ukaingia. Msimu ulipoisha nilikuwa nimempita kwa bao moja. Siku ya tuzo aliyenifunga tai ni yeye, na hakuna aliyepiga makofi kumshinda. Afadhali angeninunia.

Kiatu nilikipeleka kwa mama, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikipakata kama mtoto mchanga, akawaita wenzake wa kanisani, wakaimba na kucheza uani mpaka vumbi likatimka. Walipoondoka, alinishika mkono.

"Mungu amesikia, mutoto wangu. Wiki yote sikutia kitu mu kinywa juu yako."

Na kweli alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea. Ningemwambiaje kwamba njaa iliyonipa kile kiatu haikuwa yake?