Kopo la Kijani la Bibi Helga

Naandika haya uso ukiwa bado unaniwaka. Marehemu mume wangu alimwahidi dada yake Rukia, aliyeolewa Ujerumani, kwamba tutamtembelea. Nilipomaliza eda nikawachukua watoto wetu wawili kutoka Fridley, mji wetu wa Minnesota, tukaenda. Tulifikia kwa mama mkwe wake, Bibi Helga, anakoishi Rukia.

“Wifi, huyu mama bado ananipima,” Rukia aliniomba mlangoni. “Msiniaibishe, tafadhali.”

Bafuni nikakuta kopo la kijani lenye mdomo mrefu. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu! Huku Minnesota, sisi watu wa Mombasa hununua makopo hayo hayo ya kumwagilia maua, tukayaweka chooni ya kutawazia, kujiosha baada ya haja. Nikajua Rukia ametuandalia. Tukalitumia siku mbili, mimi na wanangu, kwa raha zetu.

Asubuhi ya tatu Bibi Helga akaja mezani na kopo lile mkononi. Akamwagilia mnanaa wake dirishani, akachuma majani yaliyolowa, akayatia kwenye chai yetu na yake. Sikukigusa kikombe changu.

“Kunywa, wifi,” Rukia akasema. “Hutuwekea hivi kila asubuhi, ninyi mkiwa bado mmelala.”

Mwanangu Salim, wa miaka mitano, akapaza sauti kwa Kiingereza chake cha shule: “Bibi, hilo ni la kuoshea matako!”

Bibi Helga anakijua Kiingereza vizuri sana. Rukia akafumba macho. Bibi akalitazama kopo, akanitazama mimi, kisha akakitazama kikombe chake, ambacho alikuwa ameshakinywa nusu.