Nanyama na Picha ya Ukungu

Nanyama tunauza naye mboga soko la Misikhu, na sijawahi kumsikia akimtaja mke mwenzake kwa jina. Humwita "yule wa Kitale". Waithera ana duka la vitambaa huko, na Khaemba, mume wao, siku hizi analala Kitale zaidi kuliko nyumbani Bokoli. Wivu wa Nanyama haujifichi. Hata akipanga nyanya utajua mzee ameenda wapi.

Kaka yake Khaemba alipokufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, daktari wa Bungoma alimtuma Khaemba kwenye hospitali moja Kitale. Huko kuna mashine ya sumaku inayopima unene wa ukuta wa mishipa inayolisha moyo. Wake wote wawili wakafika, kila mmoja na chupa yake ya chai.

Jepkoech, fundi wa mashine, alisema mmoja anaweza kuingia akae na mzee ili asiogope. Nanyama alikuwa ameshasimama.

"Wacha Waithera aingie," Khaemba akasema.

Nanyama akakaa. Aliniambia alitamani mashine immeze yule mwanamke na mtandio wake.

Baada ya muda Waithera akatolewa, eti picha zimeharibika. Nanyama akaitwa. Akaketi, akamshika mzee mguu kupitia shuka, na picha zikatoka safi kabisa. Hapo alitoka ametuna kwa fahari, hata ile chai yake akaimimina kwa madaha mbele ya mwenzake.

Daktari akasema ukuta wa mishipa bado ni mwembamba, mzee yuko sawa. Nanyama akamshukuru Mungu, na alimaanisha. Kisha akamfuata Jepkoech pembeni, akitaka asifiwe kidogo.

"Kwani yule alikosea nini huko ndani?"

"Hakukosea, mama. Hii mashine inataka moyo wenye umetulia. Na yeye akiwa hapo, moyo ya mzee ilikuwa inakimbia tu, picha inakuwa ukungu. Wewe ukiingia, ikatulia kama mtu amelala. Si wewe ndio dawa yake, bana."

Nanyama alikuwa amezaa watoto sita na moyo huo.

"Ile yenye iliharibika bado iko?" akauliza. "Nionyeshe."

Jepkoech akaifungua. Hakukuwa na mshipa wala ukuta, ni ukungu mtupu. Nanyama aliuangalia mpaka mzee alipomaliza kuvaa viatu, akitamani ukungu huo uwe wake.