Siku Tuliyompeleka Mwalimu Mdomoni mwa Ruvuma

Msimu wa korosho ukifika, nyumba yetu yote ilinuka mabibo. Yalidondoka kutoka kwenye mikorosho iliyotuzunguka, yakapasuka mchangani, na ilipotimu saa nne asubuhi jua lilikuwa limeshayachachusha. Harufu yake tamu, yenye ukali kidogo, iliingia hadi kwenye mashuka ya wageni. Tulikaa mbele ya Mtawanya, pale nyumba za mjini Mtwara zinapokwisha na mashamba kuanza. Baba alipofariki, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, alituachia nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Mama yangu, Bi Mwanahawa, akapaka chokaa vyumba vinne, akashona mapazia, akatundika kibao barabarani: Nyumba ya Wageni. Baba mdogo Issa, ndugu wa marehemu, alicheka. "Shemeji, nani ataacha kulala mjini aje kulala kwenye mikorosho?" Mama alichukua ufagio akaenda kufagia uwanja.

Wageni walikuja mmojammoja. Aliyetuumiza ni bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyepanga kukaa wiki nzima, akaondoka siku ya pili. Kwenye daftari la wageni aliandika, "Pazuri, lakini hakuna pa kwenda." Nilikuwa na miaka kumi, na ni mimi niliyemsomea Mama maneno hayo, kwa kuwa yeye alisoma kwa shida. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akakaza kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. "Kumbe sisi tumezaliwa pasipo na pa kwenda?"

Tangu hapo kila Jumamosi tulikuwa njiani, mimi na yeye. Tulikwenda Mikindani kutazama nyumba kongwe za mawe, na Mama akamuuliza kila mwenye mlango wa nakshi kama mgeni anaruhusiwa kuusogelea. Tulikwenda kwenye majaruba ya chumvi, ambako weupe wake uliniumiza macho hadi nikatembea nikiwa nimefumba jicho moja. Tulishinda kwa mchongaji mmoja wa Kimakonde ambaye alichonga bila kuinua kichwa hadi adhuhuri, kisha akacheka na kutupa maji ya kunywa. "Siwezi kumpeleka mgeni mahali ambapo mguu wangu haujafika," Mama alikuwa akisema. Aliporidhika, alileta ubao akanipa chaki, niandike safari zote za kwenda na kurudi siku moja. Nilipomaliza, nafasi ilibaki chini. Shuleni tulikuwa tumetoka kusoma habari za mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Bila kumuuliza, nikaongeza mstari: Mdomo wa Ruvuma.

Mwalimu Kingu alifika wiki hiyohiyo. Alikuwa mzee mstaafu kutoka Singida, mrefu, mwenye mguu wa kushoto uliokataa kukunjika, na fimbo. Aliusoma ubao akiwa bado ameshika begi, akaishia mstari wa mwisho. Alisema amefundisha jiografia maisha yake yote, na mwaka hadi mwaka amechora mto huo ubaoni ukiingia baharini, lakini hajawahi kuuona. "Ninyi mnapeleka watu huko?" Mama alinitazama. Nilitaka ardhi inimeze. "Tunapeleka," akasema. Jikoni aliniambia kwa sauti ya chini, bila kunigusa: "Umeandika, Somoe. Basi tutafika."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kwa pikapu ya jirani. Tulipita kijiji cha Msimbati, tukaendelea na njia ya mchanga kati ya minazi, hadi magurudumu ya nyuma yakazama na gari likagoma. Dereva akabaki akichimbua, sisi tukatembea. Jua lilishapanda. Mwalimu alichomoa fimbo mchangani kwa kila hatua, na mimi nilibeba viatu vyake. Mbele tulikutana na mwanamke aliyekuwa akitoka kuchokoa pweza, jina lake Bi Fatu. Mama alimsalimu kwa Kimakonde, wakazungumza, kisha Bi Fatu akautazama ule mguu na kutikisa kichwa. Kati yetu na mdomo wa mto palikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingia kwenye mikoko. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Tukichelewa kidogo tu, hapavukiki.

"Mwalimu, uamuzi ni wako," Mama alisema.

Mzee alifuta jasho. "Mama Somoe, nikirudi leo, sitakuja tena. Najijua."

Mama alimpa mkono wa kulia, Bi Fatu akamshika upande wa pili, mimi nikatangulia na fimbo nikipima kina. Maji yalinifika kifuani. Katikati, mguu wa Mwalimu uliteleza kwenye tope na wote watatu wakayumba, nikasikia Mama akisema "Bismillahi," kisha, kwa ukali, "Simama, Mwalimu! Simama hivyohivyo!" Akasimama. Wakavuka hatua kwa hatua, nguo zikiwa zimewaganda mwilini.

Na mto ukawa pale, mpana kuliko nilivyofikiri, maji yake ya rangi ya udongo, ng'ambo mikoko ya Msumbiji. Mwalimu aliinama kwa taabu, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Akaonja tena: ya chumvi. Majani makavu yaliyoelea yalikuwa yakipita mbele yetu kuelekea bara. "Nimewadanganya watoto wa watu," akasema, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Nilikuwa nasema mto unaingia baharini. Kumbe na bahari inaingia mtoni!" Tulisubiri maji yapwe tukila mihogo na pweza wa Bi Fatu, tukavuka kurudi kwenye gari lililokuwa limeshakwamuka, na jioni tukamkuta Baba mdogo uwanjani kwetu amekunja uso. Mwalimu alimsimulia safari yote akiwa amesimama. Kesho yake Baba mdogo alileta mbao, tukaongeza kibao cha pili barabarani, cha kutangaza safari.

Mwalimu alirudi Singida, na kwa miaka kadhaa wageni walifika wakisema wametumwa naye. Siku hizi karibu na Msimbati kuna visima vya gesi, magari yenye nguvu yanafika mbali zaidi, na ninaowapeleka mimi hupiga picha na kutaka kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wanaona mto uleule, nami siwalaumu. Mwaka huu nimefikia umri aliokuwa nao Mama siku ile, na kila ninaposimama kwenye lile hori huwa najiuliza aliupata wapi moyo ule. Siku zote niliamini alijua kwamba tutavuka. Majuzi nilimuuliza.

"Nijue wapi?" alisema. "Mimi maji nayaogopa tangu mtoto, kuogelea sijui. Lakini ningefanyaje, na mgeni kanishika mkono?"